Sura ya Tano: Wanaothubutu Kuigusa Masijala

Mwaka 1991 Profesa Geoffrey Mmari aliondoka kwenye kiti cha Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile tunachokiita Mlimani. Kiti hicho kilikuwa cha moto hasa: Mei 1990 serikali ilikifunga chuo baada ya mgogoro na wanafunzi, na kikakaa kimefungwa hadi mwaka uliofuata. Mtu wa heshima yake, mwalimu wa hisabati aliyekwisha kuonja joto la jiwe, angeweza kuomba kupumzika na hakuna ambaye angemlaumu. Akakubali badala yake kuongoza chuo kikuu ambacho hakikuwa na ukumbi wa mihadhara, hakikuwa na bweni, hakikuwa na hata lango la kuingilia. Bunge lilikiunda kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, John Malecela akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na mwaka 1994 Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza kusomesha watu walioko kila mmoja nyumbani kwake.

Wazo lilikuwa limekwisha kupimwa na kamati ya Nicholas Kuhanga, naye mtu aliyewahi kukalia kiti hichohicho cha Mlimani. Ila kupima wazo ni jambo moja, na kulitia miguu katika nchi ile ya wakati ule ni jambo jingine. Barua ya kwenda Kigoma ilikuwa na safari yake. Simu ilikuwa mali ya ofisi, tena ya ofisi yenye bahati. Mwanafunzi aliyelengwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekosa nafasi Mlimani, muuguzi wa wilaya, askari, karani wa halmashauri. Mtu mwenye mshahara mdogo, watoto, na usiku tu wa kusomea.

Utaalamu wa mitambo haukuwa na nafasi kubwa hapo. Kazi ya kiongozi wa chuo cha namna hiyo ilikuwa kuamua nini katika chuo kikuu kinaweza kuachwa, na nini kikiachwa chuo kimekufa. Mmari na wenzake waliacha ukumbi. Wakaacha ratiba ya saa mbili asubuhi. Wakaacha dhana kwamba mwanafunzi ni kijana asiye na familia. Hawakuacha mtihani wa kusimamiwa: mtahiniwa alitoka kwake, akafika kituo cha mkoa, akaketi na kuandika mbele ya msimamizi kama wenzake wa Mlimani. Baadaye, Profesa Tolly Mbwette alipopokea uongozi mwaka 2005 na mfumo wa Moodle wa kufundishia mtandaoni ukaanza kuzoeleka, vituo hivyo vya mikoa vilivyokuwa vikipokea marundo ya karatasi ndivyo vikawa mahali pa kupata kompyuta na intaneti. Laiti chuo kingesubiri intaneti ndipo kijitawanye mikoani, sidhani kama kingetawanyika.

Waingereza walikuwa wamepita njia hiyo zaidi ya miaka ishirini kabla, na kwao nako hapakuwa na mteremko. Harold Wilson alilitaja wazo la chuo cha hewani katika hotuba ya Glasgow mwaka 1963, akiwa bado kiongozi wa upinzani. Alipoingia madarakani alimkabidhi kazi hiyo Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Uskochi, ambaye dhamana yake serikalini ilikuwa sanaa. Wapo waliotaka kitu kidogo cha majaribio. Lee akang'ang'ania: kiwe chuo kikuu kamili, chenye shahada kamili, na asiulizwe mtu cheti mlangoni. Wanasiasa wa upande wa pili walikicheka. Hati ya kifalme ikatoka mwaka 1969, na Januari 1971 wanafunzi wapatao 24,000 wakaanza, Makamu Mkuu akiwa Walter Perry, mtu aliyetokea kwenye taaluma ya dawa. Katikati hapo chama cha Wilson kilikuwa kimeshindwa uchaguzi, na aliyekiacha chuo hicho kiishi ni waziri mpya wa elimu wa chama pinzani, Margaret Thatcher. Historia ina vituko vyake.

Nimeanza na barua, redio na televisheni katika sura inayohusu zama za dijitali kwa makusudi. Mara nyingi tunapozungumza juu ya uongozi jasiri wa vyuo vikuu siku hizi, tunazungumza juu ya manunuzi: maabara mpya ya kompyuta, mfumo mpya, mkongo, ubao wa kugusa kwa kidole, utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Manunuzi hayahitaji ujasiri. Yanahitaji bajeti, na bajeti ikiwepo hakuna atakayekuchukia kwa kuleta kompyuta. Uadui huanza siku kompyuta hizo zinapotaka kuchukua kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya mwenyewe, kwa muda wake na kwa masharti yake.

Ndiyo maana ukitaka kujua chuo kinaongozwaje, usianzie ofisi ya makamu mkuu. Nenda masijala. Yeyote aliyesoma chuo kikuu Afrika Mashariki kabla mifumo haijaingia anaijua hali ile. Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, wanafunzi wakajazana na kalamu mkononi. Aliyekuta nafasi wazi mbele ya namba yake alianza safari: mhadhiri anasema alama alikwisha kuzipeleka idarani, idara inasema ziko kitivoni, kitivo kinasema mhusika yuko likizo. Hati ya matokeo ya kuombea kazi ilikuwa na foleni yake, na ndani ya foleni ilikuwa na njia za mkato ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyezitaja. Faili lilipotea likapatikana, likapotea tena. Karani mwenye ufunguo wa kabati alikuwa na nguvu ambazo baadhi ya maprofesa hawakuwa nazo.

Sasa peleka matokeo hayo kwenye mfumo ambao mwanafunzi anaufungua kwa simu akiwa kwao Sumbawanga. Foleni imekufa, na umuhimu wa mwenye kabati umekufa nayo. Mhadhiri aliyezoea kukaa na karatasi za mtihani muhula mzima anaonekana na mkuu wa idara, tarehe kwa tarehe. Mwenyekiti wa kamati aliyezoea kurekebisha alama kwa kalamu anatakiwa kuingia kwa jina lake na nywila yake, na mfumo unaandika aliingia lini na aligusa nini. Hapo utasikia hoja nzito kuhusu uhuru wa kitaaluma, udhaifu wa umeme na usalama wa takwimu. Nyingine ni za kweli. Kiongozi anatakiwa ajue kuzitenganisha, na baada ya kuzitenganisha awe tayari kuchukiwa na watu anaokutana nao kila siku kantini.

Profesa Matthew Luhanga alipokea Mlimani mwaka 1991 mikononi mwa Mmari, na akaiongoza mpaka 2006. Ni mhandisi wa mawasiliano ya simu, na pengine kwa sababu hiyo hakuwa na ushamba wa mitambo. Mpango wake wa kukibadili chuo, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, haukuanza na kompyuta. Ulianza na maswali ya aibu: chuo hiki kinamlisha nani, kwa fedha ya nani, na kwa nini chuo kikuu kinaendesha jikoni? Huduma za chakula zikatolewa kwa watu binafsi. Wanafunzi wanaojilipia wakapokelewa. Ardhi ya chuo ikakodishwa, na ndiyo hiyo leo imesimama juu yake Mlimani City, iliyofunguliwa 2006 na wawekezaji kutoka Botswana. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na wapinzani, baadhi wakiwa na hoja nzuri: chuo kilichozaliwa kuwa cha umma kilianza kuhesabu kama duka, na mtoto wa mkulima ndiye aliyeanza kuhesabiwa vibaya.

Ndani ya vurugu hizo nyaya za mtandao zilitandazwa, kwa msaada mkubwa wa Sweden, kituo cha kompyuta kikageuzwa kuwa kampuni inayojitegemea, na hatimaye mfumo wa ARIS ukaja kushika usajili na matokeo. Luhanga alipoandika kumbukumbu zake mwaka 2009 alizipa jina *Courage for Change*. Ni jina la mtu asiyejidharau, lakini sioni sababu ya kumnyima. Ninalolishika zaidi katika simulizi yake ni muda. Miaka kumi na mitano. Mmari alikaa Chuo Kikuu Huria miaka kumi na miwili. Siku hizi makamu mkuu anatoa mpango mkakati wa miaka mitano akiwa na mkataba unaokwisha kabla ya mpango, na tunashangaa kwa nini anapenda kuzindua majengo.

Mfumo nao haumtakasi mtu. Mwaka 2017 Makerere ilitikiswa na kashfa ya alama zilizobadilishwa ndani ya mfumo wa matokeo wenyewe. Kuweka mtambo juu ya utaratibu uliooza ni kupaka rangi nyumba yenye mchwa. Kwa miezi michache inapendeza. Tofauti pekee, nayo si ndogo, ni kwamba mwizi wa alama katika mfumo huacha nyayo, mradi yupo mtu aliyepewa kazi ya kuzifuata na bosi asiyemzuia.

Na mfumo ukishahamisha mamlaka, mamlaka yanaweza kudaiwa yarudi. Tanzania tunalo somo letu. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha udahili wa pamoja: mwombaji mmoja, fomu moja ya mtandaoni, vyuo vyote. Uhuni wa kijana mmoja kushika nafasi vyuo vitatu huku wenzake wakikosa ukapungua. Lakini vyuo vililalamika kuwa vinachaguliwa wanafunzi na watu wasiowafahamu, na wanafunzi wengine wakajikuta kwenye kozi ambazo hawakuziota. Mwaka 2017 Rais John Magufuli, akiwa Mlimani kuzindua mabweni, akaagiza Tume iache kuwachagulia vyuo wanafunzi. Mfumo haukuwa umeharibika. Swali la nani ana haki ya kuchagua ndilo lililokuwa halijajibiwa, na programu ya kompyuta hailijibu swali hilo.

Kuna ujasiri wa aina nyingine, wa haraka, unaopendwa sana na wajumbe wa mabaraza ya vyuo waliotoka kwenye biashara. Kisa chake bora kilitokea Marekani, Chuo Kikuu cha Virginia, kile alichokianzisha Thomas Jefferson mwaka 1819. Jumapili ya tarehe 10 Juni 2012, wengi wakiwa likizo, chuo kilitangaza kuwa rais wake, mwanasosholojia Teresa Sullivan, anajiuzulu. Hakuwa amemaliza hata miaka miwili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwenyekiti wa baraza, Helen Dragas, mfanyabiashara wa ujenzi, alieleza kwa maneno ya jumla kwamba dunia inakwenda mbio na chuo kinahitaji kiongozi wa mwendo huo.

Gazeti la wanafunzi likaomba barua pepe za baraza kwa mujibu wa sheria ya uhuru wa taarifa, na zilipotoka watu wakaona viongozi wa baraza walichokuwa wakitumiana: makala za magazeti kuhusu masomo ya mtandaoni. Ulikuwa msimu wake. Mwaka uliotangulia Sebastian Thrun wa Stanford alikuwa ameweka kozi ya akili mnemba mtandaoni bure na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha, na kila aliyeisoma habari hiyo aliona vyuo vikuu vinakufa kesho. Wahadhiri wa Virginia walikasirika, wahitimu wakaacha kuahidi michango, umati ukajaa kwenye nyasi mbele ya jengo la Jefferson. Sullivan mwenyewe alijitetea mbele ya baraza kwa kukiri kwamba yeye ni mtu wa hatua kwa hatua, na kwamba katika chuo kikuu mabadiliko ya amri kutoka juu hayashiki. Tarehe 26 Juni baraza lilimrudisha kwa kura za wote.

Kipande kinachonifurahisha ni cha mwezi uliofuata. Mwezi Julai Coursera, kampuni ya kozi za mtandaoni, ilitangaza vyuo vipya vinavyojiunga nayo, na Virginia ilikuwamo. Mazungumzo yalikuwa yakiendelea ndani ya chuo wakati baraza linamfukuza rais kwa kutofanya mazungumzo. Hawakuuliza. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya namna hii hapa kwetu, nami nakuhakikishia kwamba mjumbe aliyerudi kutoka mkutano wa Dubai akiwa na kipeperushi ni hatari kuliko kukatika kwa umeme.

Pwani ya pili ya Marekani, Chuo Kikuu cha San Jose kilikimbia bila breki. Januari 2013, Gavana Jerry Brown wa California akiwa mbele ya kamera, kiliingia mkataba na Udacity, kampuni ya Thrun, kufundisha hisabati za mwanzo na takwimu kwa dola 150 kwa kozi. Kufikia Julai mpango ulisimamishwa; kwenye hisabati za mwanzo waliofaulu hawakufika nusu. Wanafunzi wale walikuwa wale wanaohitaji mwalimu zaidi ya wote: waliofeli kabla, wengine wasio na kompyuta ya uhakika. Kozi iliyowafaa wahandisi wenye shahada mbili haikuwafaa. Thrun mwenyewe alikiri hadharani mwaka huohuo kwamba bidhaa yake haikuwa nzuri.

Mtu huyohuyo na kampuni hiyohiyo walikuwa pia ndani ya jaribio lililofaulu, na kulinganisha hayo mawili kuna faida kubwa kuliko hotuba yoyote ya uongozi. Zvi Galil alikuwa mkuu wa chuo cha kompyuta cha Georgia Tech. Alitaka shahada nzima ya uzamili ya sayansi ya kompyuta itolewe mtandaoni kwa ada ya jumla isiyofika dola 7,000, wakati shahada ya aina hiyo huko kwao hugharimu makumi ya maelfu. Hakuitangaza kwanza. Aliwapelekea wahadhiri wake wakaijadili na kuipigia kura. AT&T, kampuni ya simu, ikatoa dola milioni 2 za kuanzia. Januari 2014 wakaanza na wanafunzi mia tatu na kitu, kundi dogo la kupima. Miaka kadhaa baadaye walikuwa zaidi ya 10,000. Na cheti anachopewa wa mtandaoni ni kilekile cha aliyeketi Atlanta, bila neno la kumtambulisha.

Ukitafuta ujasiri wa Galil uko wapi, usiutafute kwenye video. Uko kwenye bei na kwenye cheti. Kuuza shahada yako kwa sehemu ndogo ya bei yako mwenyewe, huku waliolipa bei kamili wakikutazama, na kukataa kuweka alama ya udogo kwenye cheti cha aliyelipa kidogo: hapo ndipo mtu anapogusa masijala. Vyuo vyetu vingi vinafanya kinyume. Mhitimu wa jioni, wa masafa, wa mtandaoni anatozwa ada ileile au zaidi, halafu anatazamwa kwa jicho la pembeni.

Paul LeBlanc alichagua njia ya tatu. Alipochukua urais wa Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire, hukohuko Marekani, mwaka 2003 kilikuwa chuo cha wanafunzi wapatao 2,800, cha aina ambayo hufungwa bila gazeti la mbali kuandika. Akakitoa kitengo cha mtandaoni nje ya kampasi, akakiweka kwenye jengo la kiwanda cha zamani mjini Manchester, mbali na kamati za kitivo, akakipa watu wake na sheria zake. Wanafunzi wakapita laki moja. Mwaka 2013 akaenda mbali zaidi, akapata kibali cha serikali kutoa shahada isiyohesabu saa za darasani: mwanafunzi anaonyesha anachoweza kufanya, akiweza anasonga. Mwaka huohuo mpango huo ukaingia Kigali kupitia shirika la Kepler, vijana wa Rwanda wakawa wanapata shahada ya Marekani huku wana mwalimu wa kuwashika mkono darasani, na miaka michache baadaye ukaingia kambi ya wakimbizi ya Kiziba. Sisifii kila kitu. Chuo kile kinategemea sana wahadhiri wa mkataba wanaolipwa kwa kozi, na kinatumia fedha nyingi mno kwenye matangazo. Ila Kepler inaonyesha jambo ambalo San Jose hawakulitazama: masomo ya mtandaoni kwa mtoto wa maskini hufanya kazi pale penye mtu.

Benki ya Dunia ingeweza kulisema hilo mapema zaidi. Mwaka 1997 ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandaoni cha Afrika, kikiendeshwa kutoka Washington: mihadhara ya maprofesa wa Ulaya na Marekani ikirushwa kwa satelaiti hadi vyumba vyenye dishi katika vyuo vya Afrika. Dishi lilifika kabla ya swali la nani anahitaji nini. Mwaka 2002 makao yakahamia Nairobi na chombo kikaanza kujifunza upya kazi yake, safari hii kikiulizana na vyuo vyenyewe.

Kwa haki, viongozi wa vyuo wa miaka ile walikuwa wamefungwa na kitu kisicho mikononi mwao. Kabla ya 2009 pwani yetu yote, kuanzia Somalia hadi Msumbiji, haikuwa na mkongo wa baharini. Chuo kizima kilinunua kwa satelaiti, kwa bei ya kukatisha tamaa, upana wa mtandao ambao leo haumtoshi mwanafunzi mmoja. Kenya ilipoona mradi wa pamoja wa kanda unasuasua, ilijenga wake, TEAMS, ukatua Mombasa 2009. Aliyeusukuma serikalini ni Katibu Mkuu Bitange Ndemo, mtu aliyetoka kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na ambaye baadaye alirudi huko. Mkongo mwingine, SEACOM, ukawashwa Julai mwaka huohuo. Baada ya hapo kisingizio kikapungua nusu. Nusu iliyobaki ni bando.

Machi 2020, Uviko-19 ulipoingia, ilituonyesha nani alikuwa amejiandaa. Ndani ya wiki moja hivi vyuo vilifungwa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Nchini Kenya, KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa 1999, ulikaa na kampuni za simu kutafutia wanafunzi bando nafuu. Chuo Kikuu Huria kilikuwa na mazoea ya robo karne ya mwanafunzi asiyeonekana. Kwingineko masomo yalihamia kwenye makundi ya WhatsApp, kiongozi wa darasa akawa ndiye makamu mkuu: anapokea desa kutoka kwa mhadhiri, anagawa, anakusanya kazi, anajibu maswali saa sita usiku. Tanzania tulifungua Juni Mosi na wengi wakashukuru kwamba suala limekwisha. Uganda ilibidi waendelee kulikabili kwa miezi mingi zaidi, na nadhani walitoka na mafunzo ambayo sisi tulijinyima.

Suala limerudi kwa mlango mwingine. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo insha ya kuchapa nyumbani haipimi chochote. Ukweli ni kwamba ilikuwa imekwisha kuchoka zamani. Nairobi pamekuwa kwa miaka mingi na vijana wenye shahada nzuri wanaojipatia riziki kwa kuandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani; Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amelitafiti jambo hilo, na filamu imetoka. Na stesheneri zilizopanga foleni karibu na vyuo vyetu zimekuwa zikitoa zaidi ya kopi. Akili mnemba imeshusha tu bei ya kitu kilichokuwa sokoni.

Jibu la haraka la seneti nyingi ni kununua programu ya kunasa udanganyifu. Tena manunuzi. Programu hizo hukosea, na Kiingereza cha mwanafunzi aliyejifunza kwa vitabu ndicho kinachoshukiwa kwanza. Jibu gumu ni kubadili mtihani: mwanafunzi aitwe, aulizwe kwa mdomo juu ya kazi aliyoileta, aitetee. Hesabu yake lakini ifanywe waziwazi. Darasa la wanafunzi 400, dakika kumi kila mmoja, ni dakika 4,000, yaani karibu saa 67 za mhadhiri mmoja kwa kozi moja. Nani atazilipa? Katika vyuo vingi vya kwetu mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho. Saa 67 za kuwahoji wanafunzi, au miezi ya kuandaa kozi nzuri ya mtandaoni, hazimpandishi popote. Mwenye akili timamu ataandika makala.

Kwa hiyo kanuni za upandishaji vyeo ndizo masijala ya leo. Humo ndimo mamlaka yalimojificha, na kiongozi atakayezigusa atakutana na maprofesa waliopanda kwa ngazi ileile na wasioona kwa nini ibadilishwe. Fedha hazijawahi kuwa nyingi hivi: mradi wa HEET peke yake, uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, umeleta Tanzania dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu, na majengo yanaonekana yakipanda. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake Agosti 2023, pale Konza, kikianza na intaneti pale ambapo Mmari alianza na barua.

Ningekuwa kwenye kamati ya usaili wa makamu mkuu yeyote wa sasa, nisingemuuliza maono yake; ya kila mtu yanafanana. Ningemwomba anitajie kanuni tatu za chuo atakazopeleka seneti kuzifuta mwaka wa kwanza, watu watakaopoteza nguvu zikifutwa, na siku atakayokaa nao kabla ya kikao. Kisha ningemuuliza atafanya nini wakishinda kura.